Sakafu ya karakana isiyobanduka: kusawazisha na kufunika zege la zamani, hatua kwa hatua

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale. Mtu ana karakana nyuma ya nyumba, sakafu ina mabonde na vilima, msumeno wa meza unacheza hata akiuwekea vigingi. Anaita fundi, wanachanganya mchanga na saruji, wanamwaga juu ya sakafu ya zamani. Wiki ya kwanza inapendeza. Baada ya miezi michache ukikanyaga inalia kama debe tupu, halafu inapasuka, halafu vipande vinanyanyuka.

Mimi pia yalinikuta kwenye karakana yangu ya useremala, Morogoro. Nilinyanyua kipande kikubwa kama sinia kwa mkono mmoja, bila tindo. Upande wake wa chini ulikuwa laini, na juu ya ulaini huo kulikuwa na vumbi la mbao na la saruji lililokandika kama unga. Hakuna hata punje moja ya zege la zamani iliyokuwa imeng'ang'ania. Saruji yenyewe ilikuwa ngumu, haina kasoro. Ila ilikuwa imeshikana na vumbi, si na sakafu.

Kwa hiyo utaona hapa chini kwamba kazi nyingi ni ya kuandaa sakafu ya zamani. Mfano ninaotumia ni chumba cha mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20, tabaka jipya la wastani wa milimita 40.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kumwaga:

- Saruji mifuko 8 ya kilo 50, yenye alama ya 42.5. Ya 32.5 ni nzuri kwa plasta na kujengea, lakini karakana yenye mashine inahitaji nguvu zaidi.
- Mchanga wa mto wenye punje kubwa kidogo, takriban mita za ujazo 0.9, ambayo ni toroli 14 hivi za kawaida. Mchanga laini wa plasta unanywa maji mengi na unapasuka. Wa baharini una chumvi, uache.
- Maji safi.
- Ukiweza, dawa ya maji ya kushikamanisha saruji mpya na ya zamani, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Vya kufanyia kazi: mpira wa maji mwangavu wa mita 12 hivi, pima maji, uzi, futi, rula ya aluminiamu ya mita 2 iliyonyooka kweli, nyundo na tindo, au grinda yenye sahani ya kusagia zege, brashi ya waya, fagio gumu, ndoo mbili za lita 20 zinazolingana, beleshi, karai, mwiko, ubao wa kusugulia, mwiko bapa wa chuma, na magunia au nailoni ya kufunikia.

Vya kujilinda: gambuti, glovu za mpira, miwani na barakoa nzito ya vumbi. Hivi si vya kuchagua. Vumbi la zege linaharibu mapafu na halitoki likishaingia, na saruji mbichi inaunguza ngozi polepole bila wewe kuhisi mpaka jioni. Usipige magoti kwenye saruji mbichi kwa suruali ya kitambaa.

Kupima mchanga: tia kwenye chupa inayoonyesha ndani mpaka nusu, ongeza maji, tikisa, uache utulie kwa saa kadhaa. Ukiona juu ya mchanga tabaka nene la tope, rudisha au uoshe. Tope linazuia saruji kushika punje.

## Hatua ya 1: Pima kwanza, usikisie

Toa kila kitu ndani. Kila kitu, hata ile meza nzito ya kona unayotaka kuizunguka, kwa sababu utakapofika hapo ndipo tabaka litakapokosa usawa.

Jaza mpira maji na uhakikishe hauna mapovu. Povu moja linakudanganya milimita nyingi. Mmoja ashike ncha moja mahali pamoja ukutani, mwingine azunguke na ncha ya pili akiweka alama pale maji yanapotulia. Unganisha alama kwa uzi wenye chokaa. Sasa una mstari mmoja wenye usawa kuta zote nne, kama kwenye kimo cha mita moja.

Funga uzi kutoka ukuta hadi ukuta kwenye mstari huo, kisha pima kushuka chini kila baada ya mita moja, pande zote mbili. Kwa chumba cha mfano utapata vipimo 30. Viandike sakafuni kwa chaki, palepale ulipopima.

Namba ndogo ni kilima, kubwa ni bonde. Tuseme ndogo ni milimita 990 na kubwa ni 1025. Tofauti ni 35, na namba hiyo ndiyo inayoamua kazi yako.

Chini ya milimita 10: usimwage mchanga na saruji. Tabaka jembamba hivyo halina mwili wa kujishika. Saga vilima kwa grinda, kisha tumia unga maalumu wa kusawazisha sakafu unaojitandaza wenyewe. Kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene inakula kama kilo 1.5 hadi 1.7 za unga. Ile dawa wanayosema kwenye mfuko ipakwe kwanza chini, ipake bila kuruka.

Kati ya 10 na 25: hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ni nene mno kwa unga ule, na nyembamba mno kwa mchanga na saruji. Tindua vilima mpaka tofauti ipungue, au kubali kupandisha sakafu yote.

Kati ya 25 na 75: mchanga na saruji, ndiyo kazi ya mwongozo huu. Pale penye kilima kirefu kuliko vyote unene usipungue milimita 25. Kwa mfano wetu, tabaka litakuwa 25 kileleni na 60 bondeni.

Zaidi ya 75, au sakafu inayotikisika: hilo ni zege jipya lenye kokoto ndogo na wavu wa chuma, ule mafundi wanaouita BRC. Usijaze bonde refu kwa mchanga na saruji tupu.

Kabla hujaenda mbele, nenda mlangoni. Sakafu ikipanda milimita 25, mlango utafunguka? Maji ya mvua yatabaki nje? Ni afadhali kuchonga mlango leo kuliko kugundua umejifungia.

## Hatua ya 2: Gonga, sikiliza, angalia maji

Tembea na nyundo ukigonga kila mahali. Palipo zima panatoa sauti kavu na fupi. Palipoachana panalia kwa utupu. Zungushia chaki kila sehemu inayolia, uitindue yote mpaka ufike kwenye zege zima. Ukimwaga juu yake, jipya litaondoka pamoja na la zamani.

Kisha kata vipande vya nailoni vya nusu mita kwa nusu mita, vibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote, sehemu tatu au nne. Viache siku nzima, mchana na usiku. Ukivifungua ukakuta matone chini yake au zege limekolea rangi, unyevu unatoka ardhini. Nyumba nyingi za zamani, hasa za pwani, zilimwagwa jamvi, yaani zege la sakafu, bila nailoni chini.

Sakafu yenye unyevu namna hiyo usiishikamanishe, na rangi usiiwaze. Tandaza nailoni nzito yenye unene wa maikroni 250, kingo zipandane sentimita 15 na kupanda ukutani kidogo, kisha mwaga tabaka lisilopungua milimita 50 juu yake. Kwa kuwa halishiki chini, uzito na unene wake ndio unaolituliza. Kwa njia hiyo hatua ya 3 na uji wa saruji (ule wa hatua ya 6) hazikuhusu. Nyingine zote ni zilezile.

## Hatua ya 3: Fungua uso wa sakafu ya zamani

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na ndipo wanapokosea wengi wanaonijia. Ipe siku nzima, hata mbili.

Mafuta ya mashine yaoshe kwa sabuni kali na maji moto, suguana nayo, rudia. Doa lililozama halioshwi, linatinduliwa. Rangi yote itoke.

Niru nayo itoke. Ule uso unaong'aa, ambao mama zetu waliusugua ukawa kama kioo, ni mzuri sebuleni lakini hauna pa kushika. Tindua vidonda vidogo vidogo sakafu nzima, karibu karibu, kiasi cha vidole viwili kati ya kimoja na kingine, mpaka uone punje za kokoto. Ukiwa na grinda au mashine ya kutindua ya kukodi, tumia, lakini mwagia maji vumbi lisipande.

Fagia. Osha kwa maji mengi na brashi ya waya. Fagia tena. Pitisha kiganja: kikitoka na weupe, osha tena.

Jaribio la kufaulu ni la maji. Dondosha matone sehemu kumi tofauti. Zege lililo tayari linayanywa ndani ya dakika moja hivi na kuacha doa jeusi. Tone likikaa limeviringika kama juu ya jani la mgomba, hapo bado pana mafuta au niru.

Jioni ya mwisho lowesha sakafu yote. Zege kavu litanyonya maji ya mchanganyiko mpya kabla saruji haijayatumia, na pale chini patabaki unga. Asubuhi fagia madimbwi yote: unataka sakafu yenye ubichi, isiyo na maji yanayosimama.

## Hatua ya 4: Weka vituo vya usawa

Kazi hii inaamua kama sakafu itakuwa tambarare au la, na mikono yenye uzoefu haiokoi vituo vibaya.

Kwa mfano wetu, uso mpya utakuwa milimita 965 chini ya mstari wa ukutani (990 toa 25). Safisha sehemu, paka uji wa saruji, weka tonge la mchanganyiko, gandamiza kipande kidogo cha kigae juu yake mpaka kifike 965 kamili kutoka kwenye uzi. Fanya hivyo kila baada ya mita moja na nusu, ili rula ya mita 2 ifike kituo hadi kituo.

Hakiki kila kituo kwa rula na pima maji dhidi ya jirani zake wote. Viache vishike kabla ya kuendelea. Kama karakana inaoshwa kwa maji, shusha vituo vya mlangoni milimita 10 kwa kila mita; kama ni ya mbao tupu, weka usawa kamili.

## Hatua ya 5: Changanya kwa kipimo

Kipimo ni saruji 1 kwa mchanga 3. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni takriban lita 35, kwa hiyo unakwenda na lita 105 za mchanga: ndoo 5 na robo za lita 20. Mchanga ukiwa na unyevu unavimba, punje zinasukumana na maji, hivyo ndoo 6 za mchanga mbichi ndizo zinazolingana na 5 na robo za mkavu. Beleshi si kipimo. Beleshi la asubuhi na la saa nane mchana, fundi akishachoka, havilingani.

Pindua vikavu mara tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo uweke maji kidogo kidogo. Kamata konzi, ibane. Ikishikana kama kitumbua na kiganja kikabaki na unyevu tu, imefika. Ikidondosha maji kati ya vidole, umezidisha, na maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu na nyufa. Ikimeguka, ongeza kidogo.

Changanya mfuko mmoja mmoja. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa moja juani usiufufue kwa maji, utupe. Anza alfajiri au baada ya saa tisa alasiri.

## Hatua ya 6: Uji wa saruji, kisha mwaga papo hapo

Koroga saruji na maji, pamoja na dawa ya kushikamanisha kwa kipimo cha kwenye chombo chake, mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Isugue sakafuni kwa brashi ngumu, iingie kwenye vile vidonda.

Paka tu eneo utakalolifunika ndani ya dakika kumi. Uji ukikauka ukawa mweupe, hauunganishi tena, unatenganisha. Ukwangue na upake upya.

Maseremala wenzangu, nawaomba: gundi nyeupe ya mbao isiwe badala ya dawa hiyo. Ipo rafuni, inavutia, lakini ikipata unyevu baadaye inalainika upya na tabaka linaachia.

Anza kona ya mbali na mlango. Mwaga, sambaza, kisha gandamiza kwa ubao mzito mpaka isizame tena. Palipo na kina zaidi ya milimita 50 weka mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza ikiwa bado mbichi. Vuta rula juu ya vituo ukiipeleka kushoto na kulia kama msumeno. Bonde likionekana nyuma ya rula, jaza na uvute tena. Toa vigae vya vituo unavyopita, ujaze pengo.

## Hatua ya 7: Kusugua

Sugua kwa ubao mara baada ya kuvuta rula. Halafu subiri. Kanyaga ukingoni: unyayo ukizama milimita 2 au 3 tu, ndio wakati wa mwiko bapa wa chuma.

Maji yakipanda juu, yaache yaondoke yenyewe. Kunyunyiza saruji kavu ili yakauke haraka ni tabia iliyozoeleka mno, na inatengeneza gamba jembamba lenye nguvu tofauti na lililo chini yake. Gamba hilo ndilo linalotoa vumbi na kumeguka. Niru pia usipige: vumbi la mbao juu ya niru ni utelezi, na msumeno unazunguka mbele yako.

Kama sakafu ya zamani ina maungio au ufa ulionyooka, kata tabaka jipya palepale juu yake siku inayofuata, unene wake wote. Usipokata wewe, litajikata lenyewe kwa mchoro lipendao.

## Hatua ya 8: Siku saba za maji

Mara uso unapokuwa mgumu kiasi cha kutochubuka, funika kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu yake. Kwa siku 7 yasikauke. Kumwagia ndoo asubuhi na jioni huku jua linapiga mlangoni hakutoshi, maana saruji inaendelea kukomaa pale tu ilipo na maji, na uso unaokauka mapema unasinyaa na kujikunja kingo juu.

Kutembea kwa miguu: baada ya siku 2. Vitu vyepesi: wiki 2. Mashine nzito: siku 28.

Zikitimia siku hizo, laza rula ya mita 2 kila upande. Uwazi chini yake usizidi milimita 5. Kwa msumeno wa meza mimi napenda 3. Gonga tena kwa nyundo chumba kizima. Sauti iwe moja, kavu. Kijisehemu kidogo cha kona kinacholia unaweza kukiacha ukikitazama. Kinacholia katikati, penye magurudumu ya mashine, kikate na ukirudie sasa.

## Hatua ya 9: Kufunika

Vigae siviungi mkono karakanani. Nyundo moja ikidondoka umepoteza kigae, na hakuna tena cha rangi ileile dukani.

Rangi ya epoksi ya sehemu mbili inafaa zaidi: hailiwi na mafuta, inafagilika. Subiri siku 28 zipite, kisha rudia jaribio la nailoni. Ukiona unyevu, ngoja. Kwangua uso kwa grinda au msasa mkali kidogo ushike, fagia, futa kwa kitambaa chenye unyevu, ukauke. Changanya kiasi utakachomaliza kabla hakijaganda. Muda umeandikwa kwenye kopo, na joto la mchana linaufupisha. Paka mkono wa kwanza mwembamba, siku inayofuata wa pili, na kwenye huo wa pili nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa mahali unaposimama. Fungua madirisha, usiwe na moto wala sigara karibu. Magurudumu na matone ya kemikali baada ya siku 7.

Asiye na fedha ya epoksi apake dawa ya kugandisha uso wa zege na kuzuia vumbi, na mahali pa kusimama aweke mkeka mnene wa mpira. Sakafu ngumu inaumiza miguu na mgongo hata ikiwa na usawa wa kioo.

Unaporudisha mashine, pitisha ubao chini ya magurudumu, na usiikokote kwa miguu yake ya chuma.